Betri Mpya za Mjomba

Mwaka 1980 nilikuwa na miaka 14, nikijifunza ushonaji kwa mjomba wangu, fundi cherehani karibu na soko la Lushoto. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, na betri vivyo hivyo. Mjomba alikuwa na gramafoni ndogo, na betri zake tulizianika juu ya bati kila ukungu ulipoondoka. Kipupwe kikikaza, jua halionekani hata siku tatu, nasi tunashona kimya.

Siku moja msafiri alimletea Mjomba santuri ya Nairobi iliyopitishwa njia za panya: "Sina Makosa", ya bendi ya Les Wanyika. Niliposikia gitaa likianza na besi likilijibu bila pupa, nikasema, "Mjomba, betri zimekwisha. Wimbo unajikokota."

Hakujibu. Alifungua droo ya cherehani, akatoa betri mpya alizokuwa akizitunza kwa ajili ya Idi, akazitia. Sauti ikang'aa, lakini mwendo ukabaki wa mtu apandaye mlima Magamba na mzigo kichwani: hakimbii, wala hasimami.

"Umeona?" akasema. "Ndivyo wanavyopiga. Sasa sikiliza pale wanaponyamaza, mjomba."

Nikasikiliza. Gitaa la solo la John Ngereza, gitaa la rizimu la Omari Shabani, besi la Tom Malanga, ngoma za Rashid Juma, na sauti nzito ya Issa Juma. Basi. Hapakuwa na msururu wa tarumbeta. Gitaa moja likisema, jingine linalipisha, na katikati yao panabaki upenyo ambamo maneno ya mwimbaji yanakaa peke yake. Bendi nyingine zilijaza kila pembe. Hawa waliacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyoniuma moyo.

Mjomba aliwajua tangu mizizi. Ujana wake ulipita Ngamiani, Tanga, ambako ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, bendi ikawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 Shabani na wenzake wakajitenga, ndipo ikazaliwa Les Wanyika. Mjomba aliisimulia safari hiyo kama mtu anayehesabu watoto wake waliokwenda kutafuta maisha. Mpaka umewafungia ng'ambo, alikuwa akisema, lakini Kiswahili chao kinarudi nyumbani kila jioni redioni.

Mpaka ulifunguliwa 1983. Muziki ukazidi kukimbia. Vijana wa rika langu wakataka magitaa ya Kongo yanayochemka. Les Wanyika hawakufukuzana na mtu. Walikuwa na "Paulina", "Pamela" na "Amigo", magitaa yao yakipishana vilevile. Kisha habari za misiba zikaanza kutufikia: George mwaka 1992, Wilson 1995, Shabani 1998, Ngereza 2000. Kila mara Mjomba alisimamisha cherehani, akakaa kidogo, akaendelea kushona. Hakusema neno, nami sikumwuliza. Alikwisha kunifundisha kusikiliza kimya.

Sasa duka ni langu, na cherehani ni ileile ya kukanyaga kwa miguu. Vijana wangu wananiomba ninunue ya umeme, na kwa mashati ya kawaida wana haki. Lakini kola haitaki haraka. Ukiikimbiza hupinda, na shati zima huharibika shingoni. Ninapofika kwenye kola, mguu wangu wenyewe hupunguza mwendo, ukakanyaga kama siku ile ya betri mpya.