Kilo 38 za Mbuzi na Somo Nililolidharau

Wasee mnaosoma CPA, mnajua ile peipa ya ngazi ya juu inayohusu uongozi na usimamizi? Ile kila mtu humwambia mwenzake, "Hiyo si noma, hiyo ni ya kupita tu." Unaiacha hadi wiki mbili za mwisho. Unabeba majina kichwani: Maslow, Herzberg, McGregor. Unaenda kuyamwaga kwa mtihani, unapata ile 50 ya kupita, unarudi kwa hesabu zako za maana.

Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Kisha nikamfanya mzee mmoja aache kazi aliyoifanya miaka kumi na moja, kwa sababu ya safu moja niliyoandika kwa Excel. Leo naandika hii kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu.

Nafanya kazi Kikopey. Kama umewahi kusafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru unapajua, hata kama hujui jina. Ukishapita Gilgil, kabla hujaliona Ziwa Elementaita, unakutana na moshi. Hoteli za nyama choma zimejipanga kando ya barabara, na wasee wa koti nyeupe wanapungia kila gari mkono kana kwamba ndani kuna shangazi yao. Unaingia, unachagua nyama ikiwa bado mbichi inaning'inia, inapimwa kwa mizani, inaenda motoni, unangoja. Hiyo ndiyo biashara yote.

Hoteli yenyewe siitaji. Mwenyewe ni mama mmoja mjane, na sisi wote tunamwita Mama. Aliniajiri mwaka jana niweke vitabu vyake sawa, maana hesabu zote zilikuwa kwenye daftari moja la shule lenye mafuta kwa kila ukurasa. Mchana nahesabu, usiku nasoma. Nilijiona mtu mkubwa sana. Kwa hoteli nzima mimi tu ndiye nilikuwa na laptopu.

Mwezi wa kwanza nikatengeneza kitu rahisi: kilo zilizoingia, kilo zilizouzwa, kilo zilizobaki. Nikatoa hata ule uzito kidogo ambao nyama hupoteza ikining'inia usiku. Bado kulikuwa na pengo. Kilo 38 za mbuzi hazikuwa mahali. Nikapiga mara shilingi 1,000, bei tunayouzia kilo. Shilingi 38,000! Manze, nilisikia raha. Nasema ukweli, nilisikia raha. Nilikuwa nimeshika kitu.

Sasa, nani hushika nyama mwisho kabla ifike mezani? Mchomaji. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mpole, anasimama kwenye moto kuanzia saa mbili asubuhi. Kila siku nilikuwa namsalimia, "Habari ya asubuhi, Mzee?" naye ananijibu, "Mzuri sana, karani." Mazungumzo yetu yote yalikuwa hayo. Nilikuwa nimesoma kuhusu Donald Cressey, yule msomi wa Marekani aliyewahoji wafungwa walioiba pesa walizokuwa wameaminiwa, akaandika kitabu mwaka 1953. Kutoka kwake tulipata ile pembetatu ya ulaghai: shida ya pesa, nafasi ya kuiba, na sababu ya kujitetea moyoni. Nikampimia Mzee. Shida anayo, ana watoto shule. Nafasi anayo, ana kisu mkononi. Sababu ya kujitetea sikuijua, lakini nikajiambia haiwezi kukosa.

Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Upungufu: kilo 38. Mahali: jikoni. Sikumuuliza Mzee chochote.

Mama alisoma, akanyamaza, akamkata Mzee shilingi 6,000 mwisho wa mwezi. Mzee aliuliza swali moja tu: "Nani alihesabu?" Akaambiwa, "Karani." Akarudi kwenye moto, akamaliza siku yake, akaosha kisu. Jumatatu hakuja. Jumatano tukasikia yuko ng'ambo ya barabara, kwa hoteli inayotutazama.

Wiki iliyofuata nikaanza kuona kitu. Yale magari ya abiria ya kwenda Nakuru, Eldoret na Kisumu, yaliyozoea kuingia kwetu, yalikuwa yanawasha indiketa ya upande ule mwingine. Wikendi ambayo kawaida tunauza kilo 120, tuliuza 70. Nikaangalia bei. Nikaangalia ubora wa nyama. Kila kitu kilikuwa vile vile.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja weita, tena akiwa anapanguza meza wala hata hanitazami. "Kwani wewe hukujua? Hiyo nyama ilikuwa ya madereva."

Ikawa hivi. Miaka ya nyuma, marehemu mume wa Mama alikubaliana na madereva: ukileta gari letu hapa, unakula robo kilo na ugali, hulipi. Hakuna mtu aliyeandika popote. Mzee ndiye aliyekuwa anaijua, anawajua madereva kwa sura, anawakatia. Mama alijua madereva hula, ila hakuwahi kujua ni kiasi gani. Na ripoti yangu haikusema "madereva." Ilisema "upungufu." Neno moja tu. Angelijua vipi?

Basi nikakaa chini nikafanya hesabu niliyopaswa kufanya mwanzo. Kilo 38 ni robo kilo mara 152. Hiyo ni kama magari matano kwa siku. Sisi tunanunua mbuzi kwa shilingi 700 kwa kilo, kwa hivyo kumlisha dereva mmoja nyama kunatugharimu shilingi 175. Gari lina abiria kumi na wanne. Wakishuka watano tu, kila mmoja anunue nusu kilo, tumeuza kilo mbili na nusu, faida ya shilingi 750. Hiyo haikuwa hasara. Hayo yalikuwa matangazo ya bei rahisi kuliko yote barabara hii, na mimi nikayaita wizi.

Na kitu kingine cha aibu kwa mtu wa CPA: hata zile 38,000 zilikuwa uongo. Nilipima upungufu kwa bei ya kuuzia badala ya gharama. Ukweli ulikuwa 26,600. Nilitaka namba iwe kubwa, nayo ikawa kubwa.

Hapo ndipo nilifungua kile kitabu nilichokidharau. Kuna utafiti maarufu uliofanyika kati ya 1924 na 1932 kwenye kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago. Mwishoni waliwatazama wanaume 14 wakiunganisha nyaya kwenye chumba kimoja. Kampuni ilikuwa imeweka malipo ya kuwavutia wazalishe zaidi. Wale jamaa hawakushughulika. Walikuwa na kiwango chao wenyewe, hakijaandikwa popote, na aliyekipita alichekwa na hata kugongwa ngumi ya bega. Wasomi wakagundua kwamba kila mahali pa kazi pana mashirika mawili. Kuna lile la kwenye karatasi, na kuna lile ambalo watu wamejitengenezea wakiwa kazini.

Mimi nilikuwa nimekagua la kwanza tu. La pili lilikuwa kwa kichwa cha Mzee, na nikalifukuza.

Kisha kuna Douglas McGregor, mwaka 1960. Alisema wakubwa wengi huanza na dhana fulani kabla hata hawajamwona mtu. Wengine huamini mfanyakazi ni mvivu, lazima asimamiwe na atishwe. Hiyo aliiita X. Wengine huamini mtu akipewa nafasi hubeba jukumu mwenyewe. Hiyo aliiita Y. Nilikuwa nimekariri hiyo kitu vizuri sana, naweza kukuandikia kurasa mbili. Sikuwahi kujiuliza mimi niko wapi. Niko X, buda. Nilikuwa X bila kujijua, nikiwa na umri wa miaka 23 na mfanyakazi hata mmoja chini yangu sina.

Na Cressey? Nilimtumia vibaya. Yule alizungumza na watu waliokuwa tayari wamefungwa, akatafuta kuelewa walifikaje pale. Ile pembetatu inakusaidia kuona mahali mfumo wako una mwanya. Haikupi ruhusa ya kumchagua mtu kisha umjazie pembe zake tatu. Kwa Kenya hii ukitafuta mfanyakazi asiye na shida ya pesa, utazunguka sana.

Najua kuna mtu ashaanza kusema, "Lakini wizi si upo?" Upo. Sana. Mhasibu anayeamini kila mtu ni wa kufutwa, sibishi. Lakini ngoja nikuambie kilichotokea baadaye. Nilimwomba Mama kila Jumatatu tunywe chai na wafanyakazi wote, dakika kumi, kabla sijafunga hesabu za wiki. Nasoma namba kwa sauti, kisha nauliza, "Hapa kuna pengo, nani anajua ni la nini?" Wiki tatu za kwanza, kimya. Wananitazama tu, na walikuwa na haki. Wiki ya nne mmoja akasema kuni zimekuwa mbichi, nyama inakaa motoni sana, wateja wanaondoka kabla ya kula na kudai pesa zao. Wiki ya sita nikaitwa kando nikaambiwa kuna mtu anawapa wateja namba yake ya simu walipie kwa M-Pesa, badala ya namba ya tili ya hoteli. Huo ndio ulikuwa wizi wa ukweli. Excel ingenionyesha pengo tu. Watu ndio walinionyesha mlango.

Na huyo tulimwita, tukamwambia anachodaiwa, akaja na mwenzake wa kusimama naye, akasikizwa kabla ya uamuzi. Hiyo si roho safi, ni sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo, na umsikilize. Kifungu cha 19 nacho kinataja makato yanayoruhusiwa kwa mshahara; huwezi tu kumkata mtu kwa sababu karani ameshuku. Hivi vitu niliviona vikiwa masomo mawili tofauti, sheria huku na usimamizi kule. Kwa hoteli viko kwenye meza moja.

Kumsikiliza mtu ambaye unajua ameiba ni rahisi, utashangaa. Mzee hakuwa ameiba na hatukumsikiliza.

Ilinichukua miezi miwili kuvuka barabara. Ile barabara ina malori, lakini si malori yaliyonizuia. Mama alikuwa amenipa zile 6,000 kwa bahasha, akaniambia, "Peleka wewe. Wewe ndiye ulihesabu."

Nilimkuta kwenye moto, anageuza mbavu. Nikasema, "Mzee, nimekuja kuomba msamaha." Hakunijibu. Akaniuliza, "Umekula?" Akanikatia kipande kwenye ubao, akasogeza chumvi. Nilikula kwa sababu sikujua la kufanya. Kisha nikampa bahasha. Akatoa noti, akahesabu moja moja mbele yangu, akanirudishia. "Nawe hesabu."

Nikahesabu. Sita.

"Ungeniuliza tu, kijana," akasema. "Ningekuambia."

Siku hiyo hakuniita karani. Hajarudi kwetu, na sijamwomba. Ana kazi, ana madereva wake. Sisi tumeweka safu mpya kwenye hesabu, inaitwa "ya madereva," na mchomaji mpya anaijaza kila jioni. Magari yanarudi polepole. Si yote.

Agosti nafanya ile peipa. Safari hii nimeanza kuisoma mapema, na sikariri majina. Kila nadharia najaribu kuiweka kwa mtu ninayemjua: dada weita, Mama, yule jamaa wa kuni. Herzberg anaposema mshahara peke yake haumfanyi mtu apende kazi, namkumbuka Mzee akiosha kisu siku aliyokatwa.

Kwa hivyo wewe unayesomea uhasibu, au utakayepewa laptopu na daraka la kuhesabu watu wengine: pengo kwa hesabu ni swali, bado si jibu. Kabla ya kuandika jina la mtu kando ya namba, inuka kwenye kiti, mwendee, umuulize. Haitakuchukua dakika tano. Mimi sikutumia hizo tano, na kila asubuhi nikifika kazini namwona Mzee ng'ambo, kwenye moshi wa watu wengine.