Huyu Mwanamke ni Nani?

Kwanza niwaombe radhi, maana kisa ninachotaka kuwasimulia kinanihusu mwenyewe na wala si cha kujivunia. Mimi ni kijana wa hapa Utete, wilayani Rufiji. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019, matokeo yakawa yale ya kumfanya mtu aseme "nasikilizia kwanza", na tangu hapo naandika riwaya. Imefika kauntabuku tano. Shujaa wangu anaondoka Utete ukurasa wa pili, anapanda basi kwenda Dar es Salaam, na harudi tena. Nimegundua vijana wengi tunaoandika tunafanya hivyo hivyo: tunamtoa mtu wetu shambani upesi upesi, kana kwamba huko hakuna kisa.

Riwaya hailipi, basi nikawa nawatumia wahariri habari fupi fupi kwa simu. Kivuko kimeharibika, viboko wamekula mpunga, mkubwa fulani kafungua zahanati. Ikitoka napata shilingi elfu kumi, siku nyingine elfu kumi na tano, siku nyingine napata "ahsante sana mdogo wangu". Kijiweni wakaanza kuniita Mwandishi. Jina hilo lilinikaa vizuri, sitawaficha.

Ndipo yakaja maji ya 2024.

Wengi wenu mliyaona kwenye televisheni mwezi Aprili: Rufiji na Kibiti, nyumba za Muhoro ndani ya maji, watu kwenye mitumbwi na magodoro kichwani. Waandishi walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona, na mwenzenu nikawa mwenyeji wao, nawaonyesha njia na kuwabebea mikoba. Jioni moja mhariri mmoja wa mjini akanipigia. "Dogo, picha za maji tunazo tele. Nitafutie machozi. Mama mzee, kapoteza kila kitu. Maneno mia tatu, kesho asubuhi."

Mama mzee! Mbona ninaye nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama ana chumba chake huku juu, lakini shamba lake liko bondeni, na msimu ukifika analala huko huko kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo mtu hulinda mazao yasiliwe na nguruwe na nyani. Tangu watu walipohamishwa bondeni kupelekwa vijiji vya juu, mwishoni mwa miaka ya 1960, Mrufiji anaishi mguu mmoja juu na mguu mmoja chini. Safari hii dungu la Bibi lilikwenda na maji. Yeye alitolewa alfajiri na mtumbwi wa jirani, akiwa na kanga zake mbili na redio ndogo ya betri.

Nikamkalia kitako na daftari langu. "Bibi, ulijisikiaje?"

"Nijisikieje, mume wangu? Nililowa."

"Umepoteza nini?"

"Mpunga wote. Lakini huo umeshakufa, hauna maneno. Wewe andika mbegu. Mbegu yangu ya mahindi niliitundika juu ya moshi humo humo dunguni, na kunde zilikuwa kwenye debe. Vyote vimekwenda. Maji haya ni mengi, lakini yataondoka, na yakiondoka mlau wa mwaka huu hautakuwa na mfano. Basi muulize huyo mkubwa wako, mbegu tutapata wapi? Maji yakiondoka mikono yetu ikiwa mitupu, ndiyo basi tena."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wasomaji wa mjini. Mlau ni kilimo cha kufuata maji. Mpunga hupandwa mapema, mvua zinapoanza. Kisha masika mto hupanda, hufunika bonde na kuacha tope jeusi lenye rutuba. Maji yakianza kurudi, mkulima anayafuata nyuma hatua kwa hatua, anafukia mahindi, kunde na maboga kwenye unyevu ule ule, na mazao hukua jua likiwaka, bila mvua na bila mbolea ya dukani. Mafuriko makubwa huua mpunga, lakini huacha mlau mnono. Mwaka ambao mto haukutoka kabisa nao wazee wanauogopa. Ndiyo maana ukimwambia Mrufiji "pole na mafuriko" anaweza kukutazama kwa namna ambayo hukuitegemea. Ni pole kweli, watu wanakufa, nyumba zinaanguka. Lakini pia ni kama kumpa mtu pole kwa sababu mvua imenyesha.

Haya yote niliyajua. Nimezaliwa humu. Na bado nilipokaa kuandika, maneno mia tatu yalikuwa machache, na mlau ungekula mia moja kwa kuuelezea tu. Nikaukata. Mbegu nazo nikazikata, kwa kuwa mbegu hazilii. Nikaandika ajuza aliyeketi akiutazama mto huku machozi yakimbubujika. Neno hilo "kububujika" nilikuwa nalo tangu kidato cha tatu, nikilitafutia mahali. Mhariri akafurahi kweli kweli. Habari ikatoka na picha, na jina langu chini.

Nikaenda nalo gazeti kwa Bibi kama mtoto mwenye ripoti nzuri ya shule. Yeye hasomi, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Huyu mwanamke ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Habari ile ilifanya kazi yake, msidhani haikufanya. Watu wema waliisoma wakaguswa, na baada ya wiki tatu yakaja kwetu marobota mawili ya nguo na mablanketi. Bibi akapata koti zito lenye manyoya shingoni, la kuvaliwa kwenye theluji. Hadi leo analivaa usiku akilinda nguruwe, na linamkaa. Mbegu hakuleta mtu. Wangeleta vipi? Wale watu wema walipewa machozi, wakatuma vya kufutia machozi. Laiti wangepewa lile swali la Bibi, nani ajuaye?

Maji yalianza kuondoka. Malipo yangu, shilingi elfu kumi na tano, yalichelewa mpaka katikati ya Julai. Nilipozipata nikaenda Ikwiriri, nikanunua mbegu ya mahindi iliyotosha hela hiyo na kunde kidogo, tukapanda. Sehemu za chini, karibu na mto, zilitoa. Za juu udongo ulikuwa umeshapasuka, mahindi yakatoka mafupi na ya njano, yakafa yamesimama. Bibi alivuna magunia mawili mahali ambapo alitegemea sita. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Basi nikaanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza kabla sijaitwa Mwandishi. Nilimuuliza Bibi kama redio imewahi kumsaidia shambani, maana redio haimtoki mkononi. Akanisimulia habari za mwaka 1973, yeye mke kijana, na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilirusha kipindi, watu wakakusanyika kikundi kikundi, kiongozi wao akasoma kijitabu, kisha wote wakajadiliana na kukata shauri: tuchimbe vyoo, tufyeke majani. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kwa mtindo ule ule. "Redio ya siku zile ikishasema," Bibi akaniambia, "ilinyamaza ikatuacha na sisi tuseme." Sitaki kuzipamba enzi hizo. Kulikuwa na amri nyingi, na kuhamishwa kwenyewe nimeshakutaja. Lakini nilipiga hesabu ya vipindi vya kilimo nilivyovisikia mwaka ule pamoja naye. Nyingi zilikuwa hotuba za semina. Kimoja kilisema kwamba marais wa Afrika walikubaliana mjini Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa ajili ya kilimo. Bibi akauliza hiyo kumi ni ya nini, na inafikia wapi. Mtangazaji alikuwa ameshaweka muziki.

Mjomba wangu, ambaye ni mtu wa delta, upande wa Nyamisati, naye akanipa yake. Mwaka 1997, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, serikali iliidhinisha mradi wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kamba kwenye maelfu ya hekta za delta, ingawa wataalamu wa NEMC walikuwa wameshauri vinginevyo. Chama cha waandishi wa habari za mazingira, JET, kikalishikia bango jambo hilo, wanasheria wa LEAT wakaingia, wananchi wakafungua kesi Mahakama Kuu, na mwisho mradi ukafa. Wapo waliokuwa wakiutaka kwa ajili ya ajira, Mjomba hafichi hilo. Lakini anachokikumbuka hasa si vichwa vya habari. Anakumbuka mwandishi mmoja aliyekuja kwa mashua, akalala, asubuhi akauliza mpunga unalimwa upande gani wa mikoko na kamba wanavuliwa mwezi gani. "Aliuliza mwezi!" Mjomba anasema, kama mtu anayesimulia muujiza.

Mimi sikuuliza mwezi. Bibi alinitajia mwenyewe wakati wa kupanda, nami nikaufuta.

Nikaandika habari ya pili, ya mlau, na ya jambo jingine zito zaidi. Mto Rufiji haujazwi na mvua ya Utete. Maji yake yanatoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kwa hiyo unaweza kukaa hapa juani wiki nzima na mto ukapanda. Utabiri wa mvua za Pwani peke yake haumtoshi mkulima wa bondeni. Tena sasa juu yetu kuna Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Baada ya mafuriko watu walibishana sana: wengine wakasema bwawa ndilo lililotuzamisha, serikali ikasema bwawa lilizuia makubwa zaidi. Mimi si mhandisi. Ninachojua ni kwamba katika magazeti niliyoyasoma nilikuta mabishano ya nani alaumiwe, ila sikukuta mahali mkulima anapoambiwa: wiki ijayo maji yatafunguliwa kiasi hiki, yatafika kwako siku fulani. Taarifa hiyo kwa Bibi ina thamani kuliko mfuko wa mbolea.

Mhariri akajibu kwa maneno manne: "Sasa habari iko wapi?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaokota kipande cha ubao, nikakipaka rangi nyeusi, nikakitundika kwenye kijiwe cha kahawa njia ya kivukoni. Kila asubuhi naandika kwa chaki. Kijiti cha mzee mmoja pale mtoni kinaonyesha maji yamepanda vidole vingapi. Binamu yangu wa Ifakara kasema nini kuhusu Kilombero. Mbegu ya mahindi Ikwiriri bei gani leo. Nani ana kunde za akiba na anataka kubadilishana na nini. Ikiwa redio imetangaza lolote juu ya bwawa, naliandika pia, na saa niliyolisikia. Wasiosoma husomewa na wanaokunywa kahawa, na ubishi huanzia hapo.

Mwezi Machi 2025 nilipata pigo langu. Binamu alipiga simu usiku, mvua kubwa, mto wao unanguruma. Sikuuliza zaidi. Alfajiri nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI YANAKUJA, TOENI VITU BONDENI. Baba mmoja wa makamo alihamisha kila kitu chake na kuliacha shamba siku mbili. Maji hayakuja. Walikuja nguruwe, wakalala na kuamka ndani ya mpunga wake.

Nilitamani nisiende kijiweni. Bibi akanivalisha lile koti lake, ati kuna umande, akanisukuma mlangoni. Nikafuta ubao, nikaandika: "Juzi nilikosea. Niliambiwa mvua, nikaandika mafuriko. Kijiti hakikupanda." Nikaweka na jina langu chini.

Yule baba alikuja wakati kahawa ya kwanza inamiminwa. Alisoma amesimama, polepole, akirudia rudia. Watu wakanyamaza. Aliniambia eneo lililoliwa ni kubwa kiasi gani, akinionyesha kwa kutaja miti ya mpakani, nami nikaandika vilevile alivyotaja. Halafu akaketi, akaomba kikombe, akaniuliza:

"Haya. Leo Ifakara wanasemaje?"