Gitaa la Njisi na Pesa ya Mpunga

Ukitoka Mbeya mjini alfajiri unahitaji sweta, na Tukuyu bado unalihitaji. Lakini gari likianza kuteremka, ukiyaacha nyuma mashamba ya chai, unavua kitu kimoja baada ya kingine, na ukifika Kasumulu jasho linakutiririka. Huku chini, ukanda wa Ziwa Nyasa, ni nchi ya mpunga, kakao na michikichi. Njisi iko mpakani kabisa. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, na sokoni shilingi na kwacha hukaa katika kibindo kimoja.

Nilikwenda mwezi wa sita, mpunga ukiwa umevunwa, kumsalimu mdogo wangu. Nilipikiwa wali wa Kyela kwa samaki mbasa, na ambaye hajala chakula hicho namwonea huruma. Baada ya kula ndipo nikaambiwa habari yenyewe. Shemeji alikuwa ameamua gitaa la kijana wao liuzwe.

Kijana ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Gitaa lilinunuliwa mwaka uliotangulia, la bei ya chini, ili asaidie kwaya ya vijana. Alilipiga miezi miwili kisha akalitundika ukutani. Jioni sasa alionekana na vijana wanaovusha magunia mtoni kwa baiskeli, na mama yake alikuwa halali mpaka asikie mlango. Kijana naye alisema gitaa ni bovu. Alitaka la umeme, pamoja na amplifaya. Bei yake ingemaliza pesa ya sare na madaftari ya watoto wote watatu.

Mimi si mwanamuziki. Lakini nimelea kwaya ya vijana kanisani kwetu miaka mingi, na vyombo vyao nimevipeleka kwa fundi mara nyingi. Tena ni muuguzi, kwa hiyo nilianza na vidole. Nikamwambia, "Hebu nione mkono, mwanangu."

"Mama mkubwa, vimeshapona," akasema. Kweli vilikuwa na makovu ya malengelenge. Mwanzo wa kujifunza ncha za vidole huuma kwa kila mtu, na baada ya wiki chache huota sugu. Malengelenge yasitumbuliwe. Afadhali mtoto apige dakika 15 mara tatu kwa siku kuliko saa nzima kwa mkupuo. Lakini kwa huyu maumivu yalizidi kiasi, na sababu ilionekana kwa macho. Nyuzi zilikuwa zimeinuka mno juu ya shingo. Katikati ya urefu wa uzi nilipima kwa rula yake ya shule nikapata milimita 4 na zaidi. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 na nusu hivi inatosha. Kila akibonyeza alikuwa anapigana na chombo.

Dawa yake ni msasa. Ule mfupa mdogo mweupe unaobeba nyuzi kwenye daraja huchomolewa, ukasuguliwa upande wa chini, kidogo kidogo, huku ukipima. Ukipunguza milimita 1 pale, nyuzi hushuka nusu milimita tu, basi usiwe na haraka. Fundi seremala wa jirani aliifanya kazi hiyo huku tunamtazama.

Pesa ya kwanza iliyotoka ilikuwa ya nyuzi mpya, kwani za zamani zilikuwa na kutu. Njisi ni joto na unyevu, na jasho la vidole linakula chuma. Zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Wapo wanaochemsha nyuzi nene zilizochoka, kama sisi tunavyochemsha vyombo. Sauti hurudi kwa siku chache tu. Pakiti ya namba 10 ni nyembamba na laini kwa mwanafunzi kuliko namba 12. Angalizo moja: kama gitaa lenu ni la nyuzi za nailoni, msimfungie za chuma. Nyuzi sita za chuma huweza kuvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, za nailoni kama kilo 40, na daraja litang'oka.

Kifaa cha kupimia sauti hatukununua. Kuna programu za bure za simu zinazosikiliza uzi na kuonyesha kama umelegea au umekaza, na nyingi hazihitaji kifurushi zikishapakuliwa. Kapo ilikuwa penseli na ukanda wa mpira wa baiskeli uliofungwa shingoni. Gitaa tukalihamisha kutoka ukuta wa jua chini ya bati, maana joto huachanisha gundi.

Amplifaya nilimwambia Shemeji aisahau kwa sasa. Gitaa la mbao linajaza sebule bila umeme. Kisha nikamwambia kijana habari za Bendi ya Madalitso, watu wawili waliopiga muziki mitaani Lilongwe, hapo Malawi kwa jirani zake. Mmoja ana gitaa na ngoma ya mguu, mwenzake ana babatoni, chombo cha kujitengenezea chenye uzi mmoja, kirefu kupita mtu. Wamealikwa mpaka kwenye matamasha ya Ulaya.

Shemeji hakusema mengi. Alikubali gitaa likae mpaka mavuno yajayo, kwa sharti kwamba jioni lisikike nyumbani. Siku nne nilizobaki lilisikika, nyimbo mbili zile zile mpaka jirani akacheka. Mdogo wangu alinisindikiza stendi. "Ndaga fijo, dada," akasema, akanipa kilo tano za mchele. Kijana akanipa karatasi: nyuzi namba 10, pakiti moja, na mkanda wa begani kama pesa itabaki.