Barua kutoka Bluff: Mastaa watatu, timu hakuna

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku Bluff, kwenye rasi inayoikinga bandari ya Durban, baridi ya Julai imeingia, na sisi wa Afrika Mashariki tumejibanza kwenye saluni ya kinyozi mmoja wa Bukavu. Siasa tumeziweka kando. Kinachobishaniwa ni mpira wa kikapu: Phoenix Suns, timu ya ligi ya NBA ya Marekani, walikosea wapi?

Kwa wasiofuatilia, mambo yalikuwa hivi. Februari 2023 Phoenix walimchukua Kevin Durant. Juni mwaka huohuo wakamwongeza Bradley Beal, na Devin Booker alikuwepo tayari. Wafungaji watatu wa kutisha. Msimu wao wa kwanza pamoja, Minnesota waliwatoa 4–0 raundi ya kwanza. Uliofuata, 2024/25, walishinda mechi nane kati ya tisa za mwanzo, nasi huku tukidamka saa kumi alfajiri kuwatazama. Kisha wakaporomoka: ushindi 36, vipigo 46, nafasi ya 11 kanda ya Magharibi. Hata mchujo wa kuwania mtoano hawakuugusa. Mwaka 2025 Durant alipelekwa Houston, na mkataba wa Beal ukavunjwa.

Dereva mmoja wa malori, mtu wa Mombasa anayebeba makontena ya bandarini, anamlaumu kocha. Kocha yupi? Monty Williams alifukuzwa 2023, Frank Vogel 2024, Mike Budenholzer 2025. Vogel alikuwa ameshatwaa ubingwa na Lakers mwaka 2020. Budenholzer aliutwaa na Milwaukee 2021, tena kwa kuwafunga Phoenix haohao kwenye fainali. Ukiwafukuza watatu ndani ya miaka mitatu na nyumba bado inavuja, acha kumsaka fundi wa nne, tazama paa.

Wengine wanasema ni majeraha. Kweli, Beal na Durant walikosa mechi nyingi. Lakini nani alitolewa ili Durant apatikane? Mmoja wao ni Mikal Bridges, mkabaji hodari ambaye hadi hapo alikuwa hajakosa mechi hata moja tangu aingie NBA mwaka 2018. Walimtoa mtu asiyeumia, wakajaza nafasi kwa watu wenye historia ya kuumia, halafu wakalia na bahati. Majeraha hayo yalisajiliwa.

Hapo kinyozi alizima mashine, nusu ya kichwa changu kikiwa bado hakijanyolewa, ili abishe vizuri. “Papa, bote banapenda kufunga. Nani atarudia nyuma?” Watu wakacheka, lakini alikuwa amemaliza kesi. Durant, Booker na Beal wote kazi yao ni kuushika mpira na kufunga, na mpira ni mmoja. Kukaba, kugombea ribaundi, kumziba mpinzani njia, hizo ni kazi za watu wengine, na watu hao walikuwa wameuzwa au hawakuwa na wa kuwalipa.

Hesabu ndiyo inayouma. Msimu wa 2024/25 ligi iliweka kikomo cha mishahara cha karibu dola milioni 141 kwa timu nzima. Watatu hawa peke yao walilipwa takriban milioni 150. Kikomo kinaruhusiwa kuvukwa, lakini ukikivuka mno unatozwa kodi nzito na kufungiwa milango ya usajili: huruhusiwi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja. Juu ya hayo, mkataba wa Beal ulimpa haki ya kukataa kuhamishwa. Uongozi ulijifungia ndani na ufunguo ukampa mchezaji.

Kuchukua jina bila kuangalia nafasi: hapo sisi Watanzania tuna kidonda chetu. Mwaka 2009 Memphis walimchagua Hasheem Thabeet, senta wa kwetu, nafasi ya pili kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tulishangilia. Lakini senta wao tayari alikuwa Marc Gasol. Kijana anayehitaji dakika za kujifunzia angezipata wapi?

Mfano wa kinyume uko hapahapa Durban. Kitongoji cha Chatsworth kilikuwa nyumbani kwa Manning Rangers, klabu ya soka iliyotwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa PSL, ligi kuu ya Afrika Kusini, 1996/97, chini ya kocha Gordon Igesund. Kaizer Chiefs walikuwepo. Orlando Pirates, waliokuwa mabingwa wa Afrika 1995, walikuwepo. Majina yote makubwa yalimaliza nyuma ya timu ya kitongoji.

Simchukii staa, bila mfungaji hakuna kombe. Lakini nayasema haya kwa kuwa huko kwenu ni msimu wa usajili, na najua Simba na Yanga mnavyohesabu majina. Kabla hamjaenda uwanja wa ndege kumpokea mtu kwa ngoma na jezi, waulizeni viongozi maswali mawili: huyu anakuja kufanya kazi gani ambayo haina mtu? Na yule mliyemwacha ili huyu alipwe, kazi yake ataifanya nani?

Wenu,
kutoka Bluff