Kititia cha Kuchungia Ng'ombe

Mtoto wa pwani hukata ukuti wa mnazi, akaupinda, akauchoma kijiti katikati, kisha akakimbia nao ufukweni. Kititia kile huzunguka bila ya kuzungushwa. Hapana mkono unaokisukuma wala uzi unaokivuta. Kinachokizungusha ni mwendo wa mtoto anapoukata upepo. Anayekielewa kititia amekwisha kuielewa nusu ya jairokopta, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua watu.

Jairokopta si helikopta, ijapokuwa macho huzichanganya. Helikopta huyazungusha mapanga yake ya juu kwa nguvu za injini, na kwa hiyo huweza kutua tuli hewani kama nyuki mbele ya ua. Injini ya jairokopta huendesha rafadha ndogo ya nyuma tu, ikakisukuma chombo mbele. Mapanga ya juu yameachwa huru, na upepo unaoyapitia kutoka chini ndio unaoyazungusha. Injini ikizima, mapanga hayasimami: chombo hushuka taratibu, na rubani akatafuta pa kutua. Lakini kusimama hewani hakiwezi. Mwendo ukipungua chini ya takriban kilomita 40 kwa saa huanza kushuka, rubani apende asipende.

Wenye mashamba makubwa ya mifugo huko Australia wamekipenda chombo hiki kwa kuwa ni rahisi kwa bei kuliko helikopta, hutua mahali padogo, na wengi wao hukirekebisha wenyewe katika mabanda yao. Je, kingefaa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania? Ukipanda kutoka Tandala, katika Wilaya ya Makete mkoani Njombe, kuelekea kaskazini-magharibi, unafika uwanda wa Kitulo, nyasi tupu, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hapo serikali ina shamba la ng'ombe wa maziwa, na hapo pia, tangu 2005, pana Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, maarufu kwa maua yake. Uwanda hauna miti ya kukinga jicho. Aliyepotelewa na mtamba hutamani kupanda juu kidogo tu, aone. (Katika nchi hiyo ya Walutheri neno "mchungaji" humleta akilini kwanza mtu wa kanisani, wa ng'ombe ni afadhali aitwe mchunga ng'ombe, asije akadaiwa mahubiri.)

Tamaa hiyo si ya mzaha. Mara kwa mara magazeti ya Tanzania na Kenya huandika habari za kijana fundi aliyeunda helikopta kwa mabomba ya chuma na injini kuukuu ya gari. Watu humcheka, au humsifu kupita kiasi, na ni wachache wanaokaa naye chini kumwambia mambo yanavyofanya kazi. Kijana wa namna hiyo akiwa Makambako, mji wa barabara kuu na wa reli ya TAZARA ambako vyuma vya kila namna hupita, hatakosa vifaa. Atakachokosa ni kujua waliomtangulia waliangukaje.

Mhispania Juan de la Cierva alianguka mara nyingi. Vyombo vyake vya mwanzo vililala ubavu kila vilipojaribu kuruka, kwa sababu panga linalokwenda mbele hukutana na upepo mkali kuliko panga linalorudi nyuma, na upande mmoja ukanyanyuka kuliko mwingine. Ajabu ni kwamba kielelezo kidogo alichokiunda kwa vijiti vya henzirani kiliruka bila ya taabu. Jawabu lilikuwa ndani ya henzirani yenyewe: henzirani hupinda. Panga lililozidiwa na upepo lilijipandia kidogo, likauachia upepo upite, na mizani ikarudi. Basi akayatia bawaba mapanga ya chombo kikubwa ili kila moja lipande na kushuka lenyewe, na Januari 1923 chombo hicho kikaruka Getafe, karibu na Madrid. Mwenyewe alifariki Desemba 1936, abiria katika ndege ya kawaida iliyoanguka Croydon, pembezoni mwa London, siku ya ukungu.

Katika Vita Vikuu vya Pili Wajerumani walikigeuza chombo hiki kuwa kishada hasa. Mtu mmoja alikalishwa chini ya mapanga matatu, hana injini, akavutwa kwa kamba nyuma ya nyambizi ili atazame mbali. Kishada hicho kilifika hata Bahari ya Hindi: Agosti 1943, upande wa Bukini, nyambizi U-177 iliigundua kwa msaada wake meli ya Wagiriki, ikaizamisha. Baada ya vita, Igor Bensen, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alikitoa chombo mikononi mwa majeshi na kukitia mikononi mwa mafundi wa uani. Mwaka 1955 alirusha kile cha injini, kisha akauza michoro. Mabomba machache ya alumini, kiti, injini, mapanga mawili: mtu mwenye msumeno, tupa na subira aliweza. Alitengeneza pia kile kisicho na injini, cha kuvutwa na gari, na hicho ndicho ambacho mwanafunzi mwenye busara angeanza nacho, maana upepo humfundisha kabla injini haijamdanganya.

Sasa ile nusu ya pili. Mapanga hubeba kwa kuwa yamebebeshwa. Uzito wa chombo unaoning'inia chini yake ndio unaoulazimisha upepo upite kati yake kwenda juu, na upepo huo ndio unaoyapa kasi. Rubani akiusukuma usukani mbele kwa ghafla, kama afanyavyo mtu aliyeona ndama anachomoka kundini na anataka kumuwahi, chombo hufanya kama gari lililopita juu ya tuta kwa kasi: kwa nukta moja mzigo hutoka kwenye mapanga. Mapanga hupoteza kasi. Ikiwa injini imefungwa juu kuliko kitovu cha uzito, msukumo wake, ambao sasa hauna wa kuushikilia, hukibinua chombo, pua chini na mkia juu. Mapanga hupiga rafadha au mkia. Yote hayo hupita kabla mtu hajamaliza kutoa shahada, na baada ya hapo ustadi haufai kitu.

Kazi ya kuchunga imejaa vishawishi vya kosa hilo. Rubani yu chini sana. Macho yake yamo kwa mnyama, si kwenye chombo. Akigeuka na kuupa upepo mgongo, ardhi hukimbia chini yake na hudhani ana kasi ya kutosha, hali upepo unaopita kwenye mapanga yake ni mchache.

Fundi asiyejua haya huanza marekebisho mahali pasipo. Huona chombo kizito kupanda, akatia injini kubwa na rafadha ndefu. Rafadha ndefu haipiti juu ya uti wa chombo ila injini inyanyuliwe. Injini ikinyanyuliwa, msukumo unapanda juu ya kitovu cha uzito, na kifo kinasogea karibu kwa gharama zake mwenyewe. Aanze na mkia. Bawa pana lililolala, lililowekwa nyuma penye upepo wa rafadha, huizuia pua isitupwe chini. Kisha akinyanyue kiti na tangi la mafuta mpaka uzito uwe sawasawa na mstari wa msukumo. Hapo tu ndipo afikirie mkanda wa kuyaanzishia mapanga mzunguko kabla ya kukimbia, ili aruke katika nafasi fupi, na matairi mapana ya kupita majanini. Chombo kitatoka na sura mbaya, kirefu kama korongo. Si kitu.

Kitulo ina tatizo lake lingine. Katika kimo kile karibu robo ya uzito wa hewa ya pwani haipo. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Yenye tabo, inayoshindiliwa hewa, huzirudisha. Lakini hapana tabo ya mapanga. Hayo yatalazimika kuzunguka upesi zaidi, na chombo kitakimbia mbali zaidi kabla ya kuiacha ardhi.

Liko na jambo ambalo wasifia mashine hulipita haraka. Katika jimbo la kaskazini la Australia ng'ombe walichungwa kwa miongo mingi na wenyeji wa asili, wapanda farasi hodari, kwa ujira mdogo au kwa posho ya unga na chai. Agosti 1966 Wagurindji wa shamba la Wave Hill, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliacha kazi. Mwaka huo huo iliamuliwa kwamba walipwe sawa na wazungu, na uamuzi ukaanza kutumika Desemba 1968. Wenye mashamba wengi waliona ni rahisi zaidi kuwafukuza, na nafasi yao ikachukuliwa na ua wa waya, malori na helikopta. Wagurindji walirudishiwa sehemu ya ardhi yao 1975. Kwa hiyo chombo cha kuchungia kutoka angani hakikuzaliwa kwa sababu watu hawakuwapo. Walikuwapo, na walidai haki yao.

Makete haina uhaba wa miguu. Na ng'ombe wa maziwa, atakiwaye kukamuliwa asubuhi na jioni, si mnyama wa kutishwa kwa kelele: akishtuka huyazuia maziwa yake. Mahali ambapo macho ya juu yangepata kazi zaidi ni bonde la Usangu, utelemkapo kutoka Makambako kuelekea Mbeya. Lakini huko mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu kwa amri, wengine wakaishia Lindi na Pwani, na mfugaji wa huko akisikia mngurumo juu ya kichwa chake hatadhani kwanza kwamba amekuja msaidizi.

Kitulo, Juni na Julai, nyasi hulala na jalidi na ukungu huziba uwanda wote. Rubani wa jairokopta asiyeuona upeo wa macho hana la kufanya ila kungoja chini. Mchunga ng'ombe hutoka na koti lake zito, akawaita kwa majina, akasikiliza. Hata saa nne, pengine saa tano, ukungu unapoondoka, ng'ombe wamekwisha kukamuliwa na wako malishoni.