Kobe wa Lambo na Mayai Yake

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kumwona kobe wa maji. Hapa kwetu Shishiyu, Mkoa wa Simiyu, mimi humwona kando ya lambo tunakonyweshea ng'ombe. Hula vyura, wadudu na mizoga. Lambo likikauka wakati wa kiangazi, hujifukia katika matope akangoja mvua.

Je, umepata kujiuliza watoto wake hutoka wapi? Jike huchimba shimo dogo katika udongo wa ukingoni. Hutaga mayai, huyafukia, kisha huenda zake. Hayaatamii kama kuku. Kazi hiyo huwaachia udongo na jua.

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Kifaranga awe jogoo au tetea, jambo hilo limekwisha amuliwa kabla yai halijatagwa. Kwa kobe wa lambo si hivyo. Joto la udongo ndilo huamua. Joto la kati hutoa madume. Joto la chini au la juu hutoa majike. Mamba naye ni vivyo hivyo.

Kasa wa baharini ana njia yake. Mchanga wa baridi hutoa madume, mchanga wa moto hutoa majike. Mwaka 2018 wataalamu walieleza habari za kasa wa kaskazini mwa Australia. Karibu kasa wachanga 99 katika kila 100 walikuwa majike, kwa sababu mchanga wa huko umezidi joto. Madume wakiisha, majike watazaa na nani?

Basi, tutazame lambo letu. Tukikata miti ya ukingoni, udongo hupata joto. Joto likizidi sana, mayai hufa. Ng'ombe wakikanyaga kila mahali, udongo hushikamana, na watoto hushindwa kutoka. Ukifukua mayai hayo kwa jembe, usiyageuze. Kuku hugeuza yake, lakini mtoto wa kobe aweza kufa. Yafunike kama yalivyokuwa.

Sisemi ng'ombe wasinywe maji. Nasema tuwape njia moja ya kushukia. Upande mwingine tuache miti na nyasi. Kobe atapata mahali pa kutagia. Nasi tutapata faida, maana nyasi huzuia udongo usijaze lambo.

Je, lambo la kijiji chako lina upande wenye kivuli?