Kutoka Venice Hadi Jikoni Kwangu Tabata: Glasi Mbili za Ijumaa

Mimi na mume wangu tulikuwa na Ijumaa yetu. Foleni imetuchosha, watoto wameshalala, tunakaa kibarazani na chupa moja ya waini katikati, tunapiga stori mpaka usiku. Ada za shule tulizipangia pale, kiwanja tulikijadili pale, hata ugomvi wetu mwingi tuliumalizia pale.

Kisha daktari akamwambia presha imepanda, pombe basi. Akaacha siku ile ile. Mimi sikuacha. Nikawa nakunywa glasi yangu mbele ya televisheni, na yeye saa tatu yuko kitandani. Miezi minane ikapita hivyo. Hatukugombana hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Msomaji mwenye ndoa atanielewa: ukimya wa heshima unauma kuliko kelele.

Julai 2023 kazini wakanipeleka Padova, kaskazini mwa Italia, kwa kozi ya wiki tatu. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Kila jioni napiga simu nyumbani: “Umekula?” “Nimekula.” “Watoto?” “Wazima.” “Haya, usiku mwema.” Dakika mbili, basi.

Jumamosi ya kwanza nikapanda treni kwenda Venice, safari ya kama nusu saa. Jamani, mji ule si mchezo. Unatoka stesheni ya Santa Lucia ukitegemea kuona teksi na bajaji, unakutana na maji! Daladala yao ni boti, na hata mzigo wa dukani unakuja kwa boti. Nikashukia karibu na uwanja wa San Marco, nikaulizia Harry’s Bar.

Kwa nini huko? Kwa sababu ndiko kilikozaliwa kinywaji kiitwacho Bellini. Baa yenyewe ilifunguliwa na Giuseppe Cipriani mwaka 1931. Alikuwa mhudumu wa baa hotelini, akamkopesha fedha kijana wa Kimarekani aliyeitwa Harry Pickering, aliyekuwa amekwama. Miaka ikapita, Harry akarudi na deni lote pamoja na nyongeza nono ya kufungulia baa. Ndiyo maana ina jina lake. Baadaye Cipriani akachanganya rojo la mafyulisi meupe na waini ya mapovu iitwayo prosecco, na rangi yake ya waridi ikamkumbusha michoro ya Giovanni Bellini. Jina hilo kwa kawaida husemwa ni la mwaka 1948.

Usitegemee makeke. Ni chumba kidogo tu, meza za chini, na glasi yenyewe ni fupi kama ya maji. Bei ndiyo ndefu: zaidi ya euro 20 kwa glasi moja! Nikainywa taratibu kama dawa. Ni tamu, baridi, harufu ya tunda inatangulia kabla ya pombe. Meza ya pembeni wazee wawili, mke na mume, walikuwa wanacheka. Nikamaliza glasi yangu nikiwa mpweke kuliko nilivyoingia.

Nikatembea hadi kanisa la San Zaccaria, si mbali na pale, lenye mchoro mkubwa wa Bellini wa mwaka 1505: Bikira Maria na mtoto, watakatifu wamesimama kando, na chini yao malaika anapiga ala ya muziki. Wote wako pamoja na hakuna anayemtazama mwenzake. Nikajisemea, hapa sasa ni kibarazani kwetu.

Jumapili nikamsimulia mama mwenye nyumba kwa Kiingereza cha kubahatisha na ishara za mikono. Aliposikia bei akashika kichwa. Kesho yake akarudi kutoka soko la Piazza delle Erbe na mfuko wa mafyulisi meupe, akanionyesha jikoni. Hakuwasha blenda. Alimenya, akatoa kokwa, akaponda tunda kwenye mchujio kwa mgongo wa kijiko, akakamulia limau lisibadilike rangi. Akatoa prosecco kwenye friji, akajaza glasi yangu. Yake akajaza maji ya gesi juu ya rojo lile lile. Akanionyesha vidonge vyake kabatini, kisha akainua glasi yake tukagonganisha.

Tulikaa kwenye roshani saa mbili nzima. Alinionyesha picha za marehemu mumewe, moja baada ya nyingine. Ndani ya glasi yake hamkuwa na tone la pombe, lakini stori zilikuwa nyingi kuliko zangu. Usiku ule sikulala vizuri. Daktari alimkataza mume wangu pombe, hakumkataza Ijumaa. Aliyeifuta Ijumaa yetu ni mimi, kwa kutomwandalia chochote cha kushika mkononi.

Nilirudi Dar na chupa mbili za prosecco. Mafyulisi ningeyapata wapi? Yanalimwa Lushoto, lakini si kila siku utayaona mjini. Nikasubiri hadi Desemba, msimu wa maembe dodo. Ijumaa moja nikasaga embe, nikamimina waini bila hata kuipoza. Mapovu yakapanda, yakamwagika mezani, yakanilowesha gauni! Mume wangu akatoka chumbani kuangalia kelele za nini. Akanitazama. Akacheka mpaka akakaa chini.

Nikampa glasi yake, embe na maji ya gesi. Akaonja, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mimi nilikuwa nawahi kulala ili nisikuharibie starehe yako, mama.” Nami miezi yote ile nilidhani amenichoka! Tulilala saa saba usiku.

JARIBU NYUMBANI

Tunda: Fyulisi jeupe ndilo la asili. Embe dodo ni zuri ila lina nyuzi, lichuje mara mbili. Pasheni ni kali, ongeza asali kidogo. Hata Waitaliano hubadilisha: ya stroberi huitwa Rossini, ya komamanga huitwa Tintoretto.

Waini: Si lazima shampeni, ambayo ni ile ya jimbo la Champagne, Ufaransa, tu. Prosecco mapovu yake hupatikana kwenye matangi makubwa, si ndani ya kila chupa, ndiyo maana bei yake ni nafuu. Soma lebo: “brut” ni kavu, “extra dry” ina utamu kidogo zaidi, ingawa jina linadanganya.

Ubaridi: Poza vyote, hata rojo na glasi. Kinywaji cha uvuguvugu huachia gesi yote kwa mkupuo, kama kilichonikuta mimi.

Kumimina: Rojo kwanza, sehemu 1. Kisha waini sehemu 2 hadi 3, polepole, glasi imeinamishwa. Ngoja mapovu yatulie, ongeza. Koroga mara moja tu.

Glasi ya pili: Rojo lile lile, glasi ile ile, maji ya gesi badala ya waini. Asiyekunywa asipewe soda ya chupa kama mtoto wa shughulini.

Chupa ya pili ya prosecco bado iko kabatini, na siku hizi mimi mwenyewe Ijumaa nyingine naomba maji ya gesi. Kibarazani tunakaa wawili. Ijumaa hii nawe mwandalie mwenzio, halafu muulize swali moja zaidi ya “umekula?”